Banda la Nondo na Banda la Hasira

Hii isomeni mkiwa mmekaa. Anayesoma huku anatembea atajikwaa, na mimi sina mkono wa kumwinua. Na kama kwenye kundi hili kuna mtu anatafuta kiwanja mwaka huu, yeye asome mara mbili.

Palikuwa na mtaa uitwao Chiwondo, pembezoni mwa mji, pale lami inapochoka na vumbi kupokea zamu. Zamani kilikuwa kijiji. Mji ukakua, ukanyoosha miguu, ukawakuta watu wa Chiwondo kwenye mashamba yao. Kila aliyekuwa na jembe akaambiwa sasa ana viwanja.

Watu wa pale wakakubaliana jambo la busara, na mimi busara nikiiona naisifu, hata ikitoka kwenye mkutano. Walisema mashamba yote yaunganishwe, yapimwe kwa pamoja, zichorwe barabara na njia za maji, kisha kila mmoja arudishiwe viwanja kwa kadiri ya ardhi aliyoitoa. Walikuwa wameona mitaa mingine ilivyojibana, hadi jeneza linatolewa kwa kupitishwa juu ya ukuta wa jirani kama gunia la mkaa. Wakasema sisi hapana.

Serikali ikawaletea afisa mipango miji. Alikuwa binti mwembamba kutoka kwenye migomba na mvua za kusini, jina lake Atupele. Alikuja na buti za mpira katikati ya kiangazi, na hilo peke yake liliwachekesha watu kutwa nzima.

Binti huyu hakuanza na ramani. Alianza na koleo.

Alichimbisha mashimo huku na kule, yenye kina cha kummeza mtu hadi shingoni. Likishakamilika shimo, anashuka mwenyewe. Anachota udongo wa juu, wa katikati na wa chini, anautia kwenye mifuko, anaupeleka kupimwa. Watu wakawa wanapita wanachungulia.

"Anatafuta hazina ya Mjerumani," wakasema.

"Akiipata tugawane!"

"Akiipata hutamwona tena, wala buti zake."

Sasa nimlete mwenye hadithi. Alikuwa Mzee Chidumizi, mkulima, mtu wa maneno yake, shingo ngumu kama mpini wa shoka. Shamba lake lilikuwa kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, tambarare, usio na jiwe hata la kumpigia ndege. Mwaka wa njaa, wengine walipokuwa wanachemsha mizizi, shamba lile lilitoa mtama. Aliyelilima mwaka ule hakuwa yeye. Alikuwa mama yake, Bi Matika, mjane, na watoto nyuma yake kama vifaranga.

Bi Matika bado alikuwa hai, mzee kabisa, mgongo umepinda, ulimi umenyooka. Alikaa kwenye tembe la zamani ambalo paa lake la udongo lilishaanza kukaa vibaya, limeshikiliwa na magogo. Chidumizi aliapa mama yake atakufa ndani ya nyumba ya matofali, chini ya bati, juu ya udongo uleule mweusi uliowalisha. Akauza ng'ombe wake wa mwisho. Akanunua matofali, bati, saruji na nondo, akavirundika pale shambani.

Nataka mlielewe hili, ndiyo maana nalisema polepole. Baada ya ng'ombe wale hapakuwa na ng'ombe wengine. Nyumba ya mama ilikuwa moja. Ikiharibika, hakuna ya pili.

Basi mkutano ukaitwa, Atupele akatundika mchoro ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Watu wakasogea wakatafuta mashamba yao kwa vidole. Ghafla zikaanza kelele.

Kwenye mbuga yote, ile ardhi nzuri tambarare karibu na barabara, hapakuwa na nyumba hata moja. Palichorwa mkondo wa maji, uwanja wa michezo, na vitalu vya bustani. Nyumba zote zilipandishwa kilimani, kwenye changarawe na mawe, mahali ambapo hata mbuzi walikwenda kwa kukosa pa kwenda.

"Watu kilimani, mchicha bondeni!" akapaza mmoja. "Mchicha ndiyo una familia?"

"Jamani, mmoja mmoja!" akasema mwenyekiti wa mtaa, Bwana Lesilwa.

"Tukisema mmoja mmoja tutamezwa mmoja mmoja!"

Mzee Chidumizi hakupiga kelele. Alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Nifuateni."

Wakamfuata hadi shambani, mkutano mzima, na Atupele na buti zake. Palikuwa mwisho wa kiangazi, jua limekausha kila kitu. Chidumizi akafika katikati ya shamba lake jeusi, akaanza kuruka. Mzee mzima, ana wajukuu, anaruka kama mtoto aliyenyimwa andazi.

"Rukeni!" akasema. "Rukeni muone kama panabonyea! Pagumu kuliko sakafu ya kanisa. Na nyeusi hii, onjeni, nyie si wakulima? Ardhi nzuri si nyeusi?"

"Ni nyeusi!" wakaitika.

"Mawe yanaotesha nini?"

"Nyoka!"

Tuwe wakweli, watu wa Chiwondo hawakuwa wajinga. Walikuwa wakulima. Mkulima akiitazama ardhi anaona mtama. Wazee wao walimfundisha mtoto kuuonja udongo kabla hajajua kujifunga kaptura. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kuitazama ardhi na kuona ukuta.

Atupele akasogea. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Nijibu."

"Udongo huu sasa ni mgumu kwa sababu una kiu. Tazama nyufa hizi miguuni kwako. Mkono wangu unaingia. Mvua zikija utakunywa, na ukinywa unavimba. Kiangazi unasinyaa tena. Nyumba ikikaa juu yake itainuliwa upande huu na kushushwa upande ule, kila mwaka, hadi ikatike."

"Udongo unavimba? Kwani ni jipu?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Atupele akasubiri wamalize. Hilo nalo nilimpendea. Vijana wengi hawajui kusubiri watu wamalize kuwacheka.

"Sikatai kwamba panajengeka," akasema. "Panajengeka kwa msingi wa kushuka chini sana, zege tupu. Msingi huo utakula vifaa vyako vyote kabla hujafika usawa wa dirisha. Mama atakaa wapi, kwenye msingi?"

"Mama yangu usimtaje."

"Ndiye ninayemfikiria, baba."

"Mimi ndiye niliyemfikiria kabla hujazaliwa!"

Watu walimtazama Chidumizi, maana pale mtaani yeye ndiye alikuwa mkia wa ng'ombe. Anakoelekea, nzi wote wanaelekea. Akijenga bondeni, wote watajenga bondeni, mchoro ukafungiwe maandazi.

Atupele akalijua hilo. Akasema, "Mzee, mvua ziko karibu. Usianze nyumba ya mama. Jenga mabanda mawili ya kuku. Moja hapa kwenye mbuga, moja kule kilimani. Yawe sawasawa, vifaa vilevile, fundi yuleyule. Tuyaache yanyeshewe msimu mmoja. La hapa likisimama vizuri, nitauchora upya mtaa mzima kwa mkono wangu, na kiwanja cha kwanza hapa kitakuwa cha mama yako."

"Na lisiposimama?"

"Utakuwa umepoteza banda la kuku."

Mzee Chidumizi akafikiri. Mtu aliye na hakika hafikiri muda mrefu. Wakapeana mikono mbele ya mwenyekiti.

Bi Matika akahamishwa kutoka kwenye lile tembe lake, maana magogo yasingeivumilia mvua nyingine. Akaenda kukaa kwa mwanawe msimu ule. Nyumba moja, mama mkwe na mke wa mwana, jiko moja, mwiko mmoja. Sitaeleza zaidi. Walioolewa wameelewa.

Sasa sikilizeni alichofanya mzee wetu.

Alimwita fundi Yeremia, kijana wa palepale mtaani, mnyenyekevu wa mdomo lakini mkono wake si mbaya. Akamwambia, "Hili la mbugani lijenge kama benki. Saruji usibanie. Chini tandika nondo. Kona zifunge na nondo. Kuku wakiingia wajue wameingia."

"Na la kilimani, mzee?"

"La kilimani nitajenga mwenyewe."

Yeremia akamtazama. "Mzee, si mlisema fundi yuleyule?"

"Wewe unalipwa kwa kuongea?"

Yeremia akajenga. Likatoka banda la kupendeza, la matofali ya saruji, limepigwa lipu, mlango wa mbao na komeo. Watu wengine mtaani hawakuwa na chumba kama kile.

Kilimani Chidumizi akapanda na hasira yake. Akachomeka miti iliyopinda, akakandika udongo uliokorogwa na mawe, akatupia majani juu, akafungia mlango kwa kamba ya katani. Alijenga alasiri moja tu, na muda mwingi wa hiyo alasiri aliutumia kulaani. Alipomaliza akaupiga ukuta teke, ukatikisika. Akatabasamu, akashuka.

Akagawa kuku. Waliobahatika wakaenda benki, wenye mikosi wakaenda kilimani.

Mvua zikaja. Mungu alizifungulia mwaka ule, nasi tusiojua kushukuru tukaanza kulalamika matope. Mbuga ikanywa. Ikanywa siku baada ya siku, zile nyufa zikafumba midomo, udongo ukawa unang'ang'ania miguu kama mdai.

Asubuhi moja mke wa Chidumizi, Mama Tabitha, akaenda bondeni kuokota mayai. Akalivuta komeo, likatoka. Akauvuta mlango, ukagoma. Akauvuta kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani akavuta tena. Ndani kuku wanapiga makelele kama watu waliofungiwa kanisani na mahubiri marefu.

Akazunguka nyuma. Pale kwenye kona ukuta ulikuwa umepasuka, kutoka chini hadi kwenye paa, ufa wa kupitisha mkono. Na banda lenyewe limeinama upande mmoja, limeegemea hewa, kama mlevi anayefikiri amesimama.

Mama Tabitha hakulia wala hakukimbia. Aliingiza mkono kwenye ufa, akatoa mayai moja moja, akaenda nayo nyumbani. Akamkuta mumewe anakunywa uji.

"Mayai haya hapa," akasema. "Nimeyapitisha dirishani."

"Dirisha gani? Banda lile halina dirisha."

"Sasa linalo."

Chidumizi akaacha uji. Alipofika bondeni akalizunguka lile banda. Akaingiza kidole kwenye ufa, akaingiza mkono, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kisha akapanda kilimani, anateleza, anashika mawe.

Banda la hasira lilikuwepo. Paa lilivuja, hilo nisiwafiche, na kuku walikuwa wamelowa na sura zao zilikuwa za kushtaki. Lakini miti yake iliyopinda ilikuwa imesimama palepale ilipochomekwa. Ukuta wake mbaya haukuwa na ufa. Maji yalipita pembeni, yakashuka zake. Ile kamba ya katani aliivuta kwa kidole, mlango ukafunguka.

Na mlangoni alimkuta mama yake, Bi Matika, ameketi juu ya jiwe, kanga kichwani, anawamwagia kuku pumba.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Napumua. Kwako hakuna pa kupumulia. Mimi huja huku kila asubuhi, nawe hujaniuliza."

Chidumizi akachuchumaa. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, bonde lote linaonekana chini, jeusi, linang'aa. Akasema, "Mama, lile banda la bondeni limepasuka."

"Nimeliona likiinama tangu juzi. Kutoka hapa naona kila kitu. Mtu akishuka kwenye gari barabarani, namjua kwa mwendo kabla hajafika. Nikimpenda nabandika chai. Nisipompenda naingia ndani."

"Mimi nilitaka nikujengee kule. Kwenye ule udongo uliotulisha."

Bi Matika akamtazama mwanawe kama unavyomtazama mtu aliyekuletea chumvi ulipomwagiza sukari.

"Nani alikwambia nataka kulala shambani?" akasema. "Ule udongo nimeuinamia hadi mgongo ukakataa kurudi. Nimeuvuta kwa miguu, nimeuchambua kwa kucha. Sasa unataka na usiku niulalie? Nimekukosea nini?"

"Hukuwahi kusema, mama."

"Uliwahi kuuliza?"

Wengi wetu hatujawahi.

Mvua zilipokatika mkutano ukaitwa. Mtaa mzima ulikuwa umeshakwenda kuliangalia lile banda la bondeni, wengine waliingiza mikono ufani kwa zamu kama watu wanaocheza bahati nasibu. Lakini mtu akishapenda kiwanja ni kama aliyependa mwanaume, ukimwonyesha makosa anakutafutia sababu.

Mwenyekiti Lesilwa mwenyewe ndiye aliyeanza. "Wananchi, tumeona. Lakini tusihukumu haraka. Huenda banda lile lilijengwa hovyo. Fundi alikuwa nani?"

"Yeremia!" wakapaza.

"Aaa, basi! Yeremia hata kaburi lake litapinda!"

"Yeremia alijenga choo cha shemeji yangu, ukikaa unatazama mbinguni!"

Wakacheka. Wakashangilia. Wamepata pa kutokea. Kosa ni la fundi, udongo hauna kosa, tujenge bondeni, mambo yaishe. Yeremia alikuwa amekaa nyuma, ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Alijua ukweli na hakuusema. Nani angemwamini dhidi ya Mzee Chidumizi?

Atupele naye alisimama pembeni ya mchoro wake, akisubiri wamalize.

"Mzee Chidumizi," akasema mwenyekiti, "wewe ndiye mwenye banda. Tuambie. Ni kazi mbovu ya fundi, au siyo?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, wapenzi, siyo kule kwenye mvua. Angesema ndiyo, neno dogo tu, angebaki na shamba lake, heshima yake, na kiapo chake. Watu wangempigia makofi. Hasara ingekuwa ya Yeremia, na maskini huwa tunampa hasara kwa kuwa hana pa kuirudishia. Na ile nyumba moja ya Bi Matika ingekwenda bondeni ikanywe maji na udongo.

Mzee Chidumizi akavua kofia.

"Yeremia hana kosa," akasema.

Vichwa vikageuka nyuma, alipokaa Yeremia.

"Lile banda limejengwa vizuri kuliko nyumba ya mtu yeyote aliyeko hapa. Chini lina nondo. Kona zina nondo. Saruji sikubania. La kilimani nililijenga mwenyewe kwa fito na matope, nikalipiga teke ili lianguke. Tulipatana yawe sawa, mimi nikavunja mapatano. Nimeibia mtihani, ndugu zangu, na bado nimefeli."

Hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Mama mmoja akaanza kucheka kwa puani, akaziba mdomo na kanga. Kisha mkutano wote ukapasuka, na Chidumizi mwenyewe akacheka, machozi yanamtoka.

Walipotulia akamgeukia Atupele. "Mwanangu, nilikudharau mbele za watu, na mbele za watu nakuomba unisamehe. Ungeninyamazia, ningemzika mama yangu kwenye nyumba yake mwenyewe akiwa hai. Asante kwa kunikatalia."

Atupele akasema, "Asante wewe, mzee, kwa kuiba."

"Nini?"

"Nilikuwa najua tangu siku ya kwanza. Ulipokuwa unashusha nondo pale bondeni mimi nilikuwa kilimani na darubini yangu ya kupimia. Ile inaona mbali sana. Nilikuona hadi jasho."

Chidumizi akakodoa macho. "Uliniona? Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mzee? Nilimshukuru Mungu. Ungejenga yote mawili sawa kama tulivyopatana, ya matope, la bondeni lingeanguka, na leo mngeniambia ni matope, tujaribu saruji. Ungejenga yote ya saruji, mngeniambia ni nondo, hazikuwepo. Wewe uliweka kila kitu upande mmoja. Hukumwachia mtu hapa hata kisingizio kimoja. Mimi na vyeti vyangu nisingeweza kuwashawishi watu hawa. Wizi wako umeweza."

Basi mchoro ukapita siku ileile, kwa mikono yote, ukiacha mkono wa mtu mmoja aliyekuwa amelala. Yeremia alipewa kazi ya nyumba ya kwanza pale kilimani, nyumba ya Bi Matika, na wale waliomcheka walipanga foleni kumwomba awajengee zao. Wakamkuta amepandisha bei kidogo. Alifanya vizuri.

Na ile mbuga haikuonewa. Iliachiwa kazi yake. Vitalu vya bustani wakapewa wenye mashamba ya zamani, na sasa mchicha, bamia na nyanya zinatoka pale hadi mjini wanazijua. Maji yana njia yake, hayagombani na kitanda cha mtu. Udongo ukitaka kuvimba unavimba, hauna wa kumuudhi. Watu wa Chiwondo wakipita pale wanashukuru, na shukrani nzuri kuliko zote ni ile ya mtu anayekumbuka alivyokuwa karibu kukosea.

Siku ya kuingia nyumba mpya walichinja kuku. Wachungaji wawili waliomba, mmoja akaomba mara mbili. Chidumizi akamshika mama yake mkono, akampandisha ngazi, akamkalisha barazani, barabara yote inaonekana. Bi Matika akaugusa ukuta kwa kiganja. Akautazama juu, akautazama chini. Watu wanasubiri aseme neno, maana wengine walishatoa leso.

"Umechelewa," akamwambia mwanawe. "Lakini umefika. Asante."

Chidumizi akageuka akatazama pembeni kwa muda, kana kwamba kuna mtu alikuwa anapita kule.

Kisha bibi akamwita Atupele, akamshika mikono yote miwili, mikono iliyokuwa bado na udongo kwenye kucha.

"Mjukuu wangu," akasema, "sina ng'ombe wa kukupa, waliisha. Nitakupa dua. Mungu akujalie mume asiye mbishi. Mbishi mimi nimeshazaa mmoja, anautosha mtaa mzima."

Funzo: Anayekuchimbulia ardhi yako kabla hujajenga si adui yako hata akikukatalia, mshukuru mapema na umwambie ukweli, maana ukuta ukishapasuka shukrani hazizibi ufa.